SOMO LA AFYA: JE, UGONJWA WA SUKARI UNA KABILA?



Kila tunapofanya kikao cha afya, iwe Nakivale, Kyaka II, Rwamwanja au hapa Kampala kwa ndugu zetu wanaoishi Kisenyi, Nsambya na Katwe, kuna swali ambalo halikosekani. Mzee mmoja husimama na kuuliza: "Daktari, ugonjwa wa sukari kwetu hatukuujua. Je, huu si ugonjwa wa Wahindi na matajiri wa mjini?" Mwingine huongeza kwamba kuna makabila yenye "damu ya sukari" na mengine hayana. Na siku watafiti wanapokuja kuomba damu, watu hunong'onezana: "Wanataka kujua sisi ni kabila gani."

Maswali haya si ya kuchekwa. Wengi wetu tumefika Uganda kwa sababu mtu aliulizwa kabila lake njiani na jibu likawa hatari. Kwa hiyo katika toleo hili tutaeleza polepole yale ambayo wanasayansi wamegundua kuhusu urithi na ugonjwa wa sukari, hasa hapa Uganda.

Baada ya kusoma somo hili utaweza:
- kueleza jeni ni nini na jinsi zinavyohusika na ugonjwa wa sukari;
- kueleza kwa nini kipimo kimoja peke yake kinaweza kukosea;
- kujua haki zako unapoombwa damu ya utafiti.

1. UGONJWA WA SUKARI NI NINI?

Chakula tunachokula, kama posho, muhogo, wali, matoke au mkate, hugeuka kuwa sukari ndani ya damu. Sukari hiyo ni nguvu ya mwili, lakini haiwezi kuingia kwenye misuli bila kufunguliwa mlango. Kinachofungua mlango ni insulini, inayotengenezwa na kongosho, kiungo kilichoko nyuma ya tumbo la chakula. Insulini ikikosekana, au ikiwepo lakini mwili hauisikii, sukari hubaki kwenye damu na kuharibu macho, figo, mishipa na miguu.

Aina zinazojulikana zaidi ni tatu. Aina ya 1 hutokea mwili unaposhambulia kongosho lake wenyewe, na mara nyingi huanza utotoni au ujanani. Aina ya 2 huanza polepole, mara nyingi kwa watu wazima. Ya tatu huanza wakati wa ujauzito.

2. JENI NI NINI?

Ndani ya kila chembe hai ya mwili kuna maagizo ya jinsi ya kuujenga na kuuendesha mwili. Maagizo hayo huitwa DNA, na kila fungu la maagizo huitwa jeni. Nusu umepewa na baba, nusu umepewa na mama. Maagizo ya binadamu wote yanafanana karibu kabisa. Tofauti ni ndogo ndogo, kama herufi moja iliyobadilika katika ukurasa mzima.

Hakuna jeni moja inayoleta kisukari cha aina ya 2. Mwaka 2024 ulitolewa utafiti uliokusanya taarifa za watu zaidi ya milioni 2.5 kutoka mabara mbalimbali, na ukaonyesha sehemu 611 za DNA zinazohusika. Kila moja huongeza au kupunguza hatari kidogo tu. Mtu hurithi mchanganyiko wake mwenyewe, na ndiyo maana ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kutofautiana.

Tufikirie shamba. Jeni ni mbegu, na maisha ni udongo na mvua. Mbegu ile ile ukiipanda pabovu na pazuri, mavuno hayafanani.

Mfano wa kweli ni wa watu waitwao Pima. Wengine wanaishi Arizona, Marekani, na wengine milimani huko Mexico. Ni watu wa asili moja. Lakini utafiti uliotolewa mwaka 2006 uliona kwamba karibu watu wazima 38 kati ya kila 100 wa Arizona wana kisukari, na kwa wale wa Mexico, waliokuwa bado wanalima kwa mikono na kutembea sana, ni karibu 7 tu. Mbegu moja, udongo mbalimbali.

3. JE, NI UGONJWA WA WAHINDI NA WA MATAJIRI?

Dhana hii ina chanzo chake. Mwaka 1989 ulitolewa utafiti wa vijiji vya Tanzania, na wagonjwa wa sukari walikuwa chini ya mtu mmoja kati ya kila watu wazima mia. Miaka hiyo hiyo, wenye asili ya Kihindi waliopimwa Dar es Salaam walionekana kuugua mara kadhaa zaidi. Watu wakasema: basi ni ugonjwa wao.

Lakini waliolinganishwa hapo walikuwa watu wa kijijini na watu wa mjini, walimaji na wauza duka. Urithi una sehemu yake, na maisha yana sehemu yake. Angalia Uganda yenyewe. Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2014, wagonjwa wa sukari walikuwa karibu 1 kati ya kila watu wazima 100 vijijini, na karibu 3 kati ya 100 mijini. Anayehama kijijini kwenda Kampala habadilishi jeni zake. Anachobadilisha ni chakula, mwendo na usingizi.

Uchunguzi huo ulionyesha jambo jingine la kutisha zaidi: karibu nusu ya waliokutwa na kisukari hawakujua kwamba wanaumwa. Kwa hiyo mtu anaposema "kwetu haupo", tumuulize: ni nani kwenu aliyewahi kupimwa?

4. UTAFITI WA KYAMULIBWA

Wale wanaosafiri kwa basi kutoka Kampala kwenda Nakivale hupita Masaka. Si mbali na barabara hiyo, katika wilaya ya Kalungu, kuna mahali paitwapo Kyamulibwa. Tangu mwaka 1989, kituo cha utafiti chenye makao yake Entebbe, katika Taasisi ya Uganda ya Utafiti wa Virusi, kimekuwa kikifuatilia afya ya wanavijiji wa huko. Kazi ilianza kwa sababu ya UKIMWI. Baadaye wakaanza kupima pia sukari, mafuta ya damu na shinikizo la damu.

Mwaka 2019 matokeo ya DNA ya watu wapatao 6,400 wa eneo hilo yalitangazwa. Kati yao walikuwamo Waganda, na pia watu wenye asili ya Rwanda na Burundi pamoja na makabila mengine yaliyohamia huko. Kwa nini kazi hii ni kubwa? Kwa sababu hadi mwaka 2018, kati ya kila watu 100 walioshiriki katika tafiti za namna hii duniani, 78 hivi walikuwa wa asili ya Ulaya, na Waafrika walikuwa karibu 2 tu. Vipimo na dawa vilikuwa vikipangwa kwa kuangalia miili ya watu wengine.

Watafiti wa Kyamulibwa walikuta mamilioni ya tofauti za DNA ambazo hazikuwa zimeandikwa popote. Walikuta pia kwamba asili ya watu hawa ni mchanganyiko wa uhamaji wa vizazi vingi.

Mwaka huo huo, utafiti mwingine wa watu zaidi ya 5,000 kutoka Nigeria, Ghana na Kenya ulionyesha jeni iitwayo ZRANB3, ambayo uhusiano wake na kisukari haukuwa umeonekana kwa Wazungu. Utafiti huo huo ulikuta kwamba jeni nyingine, TCF7L2, iliyogunduliwa Iceland mwaka 2006, inaongeza hatari kwa Waafrika pia. Kwa hiyo baadhi ya hatari ni za watu wote, na nyingine zinaonekana zaidi mahali fulani.

5. KIPIMO KINAWEZA KUKOSEA

Sehemu hii inahusu matibabu yako moja kwa moja, uisome kwa makini.

Kuna kipimo kiitwacho HbA1c, ambacho wengi hukiita kipimo cha miezi mitatu. Chembe nyekundu ya damu huishi takriban siku 120. Muda wote huo sukari huigandamia. Daktari akiona sukari nyingi iliyoganda, anajua kwamba sukari yako imekuwa juu kwa wiki nyingi.

Sasa fikiria chembe nyekundu ambayo haimalizi siku zake 120. Sukari haipati muda wa kuganda vya kutosha, na kipimo kinasoma chini kuliko hali halisi. Mgonjwa anaambiwa yuko salama, kumbe hayuko.

Katika nchi zenye malaria, kuna mabadiliko ya kurithi katika chembe nyekundu ambayo yaliwakinga babu zetu na malaria. Moja ni selimundu, ambayo wengine huiita siko seli. Watoto wachanga walipopimwa nchini Uganda mwaka 2014 na 2015, takriban 13 kati ya kila 100 walikuwa wamerithi selimundu kwa mzazi mmoja. Watoto hao si wagonjwa, lakini damu yao ina alama hiyo. Jingine ni upungufu wa kitu kiitwacho G6PD. Mwaka 2017 watafiti walionyesha kwamba wanaume wenye badiliko moja la jeni hiyo, linaloonekana kwa watu wa asili ya Afrika, husomwa HbA1c chini kwa karibu asilimia 0.8. Mtu anayestahili kusomwa 6.8, ambayo ni kisukari, anaweza kusomwa 6.0. Na huko Kyamulibwa watafiti waliona kwamba badiliko jingine la chembe nyekundu, liitwalo alfa thalasemia, ambalo ni la kawaida sana katika eneo hilo, nalo huathiri kipimo hicho.

Je, tuache HbA1c? Hapana. Watafiti wa Uganda wamekuta kwamba kwa wagonjwa wengi bado kinafaa kufuatilia matibabu. La muhimu ni hili: ukiwa na dalili na HbA1c ikasema uko salama, omba upimwe pia sukari ya asubuhi kabla ya kula. Ikifika 7.0 au zaidi (mashine nyingine husoma 126) katika siku mbili tofauti, ni kisukari. Ikipimwa wakati wowote ikafika 11.1 au zaidi (200 kwa mashine hizo nyingine), na una dalili, pia ni kisukari. Ukijua kwamba wewe au ndugu yako ana selimundu, mwambie mhudumu kabla hajapima.

6. "MIMI NI MWEMBAMBA, SUKARI ITANIPATA WAPI?"

Vitabu vingi vinasema kisukari cha aina ya 2 ni cha watu wanene. Lakini Uganda, kati ya watu wazima waliogunduliwa karibuni kuwa na aina hiyo, takriban theluthi moja walikuwa wembamba. Inaelekea kwamba kwa watu hao tatizo kubwa ni kongosho kutoa insulini kidogo. Kwa hiyo wembamba si kinga.

Kwa vijana pia mambo hayafanani na vitabu. Mwaka 2025 ulitolewa utafiti wa vijana 894 wa Kamerun, Uganda na Afrika Kusini waliopata kisukari wakiwa wadogo, wengi wao wakitibiwa kama wagonjwa wa aina ya 1. Takriban 65 kati ya kila 100 hawakuwa na zile alama za damu zinazoonyesha kwamba mwili unashambulia kongosho. Jeni zao pia hazikuonyesha hatari kubwa ya aina ya 1. Wataalamu wanaona kwamba huenda hii ni aina tofauti, na wanaendelea kuitafuta sababu.

Mzazi, tafadhali usielewe vibaya. Utafiti huu hausemi kwamba mtoto wako hahitaji insulini. Mtoto anayetumia insulini akiachishwa, anaweza kufa ndani ya siku chache. Asiachishwe na mchungaji, wala shehe, wala mganga wa kienyeji, wala jirani aliyesoma makala hii.

7. NJAA YA ZAMANI, SUKARI YA LEO

Mwaka 1962 mwanasayansi wa Marekani, James Neel, alitoa wazo kwamba labda baadhi ya watu walirithi jeni za kuweka akiba, zilizowasaidia babu zao wakati wa njaa, na ambazo huwadhuru wakati wa shibe. Wazo hilo lilivuma sana, lakini hadi leo ushahidi wake ni haba.

Lililo na ushahidi zaidi ni njaa inayompata mtoto akiwa tumboni. Huko Nigeria, waliokuwa tumboni au wachanga wakati wa njaa ya vita vya Biafra, 1967 hadi 1970, walipimwa walipofika miaka 40 hivi. Walikutwa na matatizo ya sukari na shinikizo la damu zaidi ya wenzao. Huko Ukraine, waliotungwa mimba katika njaa kali ya 1932 na 1933 walipata kisukari cha aina ya 2 zaidi ya mara mbili ya wasioguswa na njaa hiyo. Hawa wote hawakubadilishiwa kabila. Walibadilishwa na njaa.

Mwezi Aprili 2025, katika mkutano wa Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilipitisha jina la "aina ya 5" kwa kisukari kinachowapata watu wembamba waliokosa lishe tangu utotoni.

Hili linatuhusu sana sisi tuliokimbia kwa miguu porini. Mama mjamzito akipata chakula cha kutosha, anamkinga mtoto na maradhi ya miaka 40 ijayo. Posho ikigawanywa nyumbani, mjamzito asiwe wa mwisho.

8. SAYANSI NA KABILA

Tunajua kwamba "sayansi" iliwahi kutumika vibaya. Wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, watu wa Rwanda walipimwa pua na vimo, na katika miaka ya 1930 wakaandikwa kabila kwenye vitambulisho. Mwaka 1994 vitambulisho vile viliua watu kwenye vizuizi vya barabarani.

Utafiti wa leo unasema kinyume cha yale ya zamani. Tofauti za DNA kati ya watu wawili wa kabila moja mara nyingi ni kubwa kuliko tofauti ya wastani kati ya kabila na kabila. Hakuna jeni ya sukari iliyo ya kabila moja tu, wala kabila lililosalimika. Watafiti huandika asili ya watu ili kujua kama kipimo au dawa inawafaa wote. Jirani yako akiwa na kisukari, hajakuletea wewe, na kabila lake halikumletea.

9. UNAPOOMBWA DAMU YA UTAFITI

Hofu nyingine inatokana na kupelekwa nchi ya tatu. Mwaka 2008 Marekani ilipima DNA za watu walioomba kuwafuata jamaa zao huko, kuanzia Nairobi na baadaye nchi nyingine ikiwemo Uganda. Wengi hawakuthibitika kuwa ndugu wa damu, na mpango huo ukasimamishwa hadi mwaka 2012. Familia nyingi ziliumia, hasa zilizokuwa zikilea yatima kama watoto wao. Tangu hapo neno DNA limekuwa la kutisha.

Jua basi kwamba kuna vipimo vitatu tofauti: kipimo cha matibabu, kipimo cha udugu kwa ajili ya uhamiaji, na damu ya utafiti. Kabla ya kutoa damu, uliza ni kipi kati ya hivyo. Ikiwa ni utafiti, una haki hizi:
- Kuelezwa kwa lugha unayoielewa, bila haraka.
- Kuuliza damu itapimwa nini, itawekwa wapi na kwa muda gani, na nani ataona jina lako.
- Kuuliza kama utapewa majibu yakionyesha ugonjwa.
- Kuonyeshwa kwamba utafiti umeidhinishwa na kamati ya maadili na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda.
- Kukataa, au kujitoa baadaye, bila kupoteza posho, kadi wala matibabu.

Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi anayemchagua mwenyewe, ndipo aweke dole gumba. Anayekuahidi safari ya Ulaya au Amerika kwa sababu umetoa damu anakudanganya. Mripoti.

Kukubali pia kuna faida. Bila damu ya watu wa Kyamulibwa, baadhi ya yale ya sehemu ya 5 tusingeyajua.

10. LA KUFANYA

Nenda ukapimwe ukiona: kiu isiyoisha, kukojoa mara nyingi hasa usiku, kukonda bila sababu, uchovu, macho kuona ukungu, au kidonda kisichopona. Mtoto aliyeanza tena kukojoa kitandani huku anakonda apelekwe siku hiyo hiyo. Akitapika na kuhema kwa nguvu, ni dharura.

Mwambie VHT wako kama mzazi au ndugu yako ana kisukari. Jeni huwezi kuzibadili, lakini udongo unaweza. Punguza soda na sukari kwenye chai, ongeza maharage na mboga kama sombe na dodo, tembea, acha sigara.

Katika vituo vya afya vya serikali, mkimbizi hutibiwa kama mwananchi. Dawa zikikosekana, usikae kimya nyumbani. Rudi na uulize kituo kingine. Asiye na friji aweke chupa ya insulini ndani ya mfuko usioingiza maji, kwenye chungu kidogo kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa, na mchanga uliolowa kati yao. Weka kivulini na ulowanishe mchanga kila siku.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini mtu mwenye selimundu amwambie mhudumu kabla ya kipimo cha HbA1c?
2. Pima wa Arizona na wa Mexico wanatufundisha nini?
3. Mtafiti akikwambia "ukikataa, kadi yako itafungwa", utafanya nini?

MAJIBU

1. Kwa sababu chembe zake nyekundu zinaweza kufanya kipimo kisome chini kuliko hali halisi.
2. Kwamba watu wa urithi mmoja huugua tofauti wakiishi tofauti.
3. Kataa, kisha toa taarifa kwa viongozi wako na kwa ofisi ya afya. Hakuna mwenye ruhusa ya kusema hivyo.

Somea somo hili mwenzako asiyejua kusoma. Na wewe uliyesoma hadi hapa, ukumbuke siku ya mwisho ulipopimwa sukari. Kama hukumbuki, nenda wiki hii.